Kutafuta linakotoka tope: tuliyojifunza kwenye vijito vya Mgeta

Ukitaka kugombana na jirani zako wote kwa siku moja, itisha mkutano wa kijiji uulize nani anachafua mto. Sisi tuliuliza. Wa bondeni wakawanyooshea kidole wa katikati, wa katikati wakasema tope linatoka juu, na mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na msitu wa hifadhi, alipokosa wa kumsingizia, akasema ni nguruwe pori. Watu walicheka, lakini waliondoka na vinyongo, na vinyongo vile vilituchelewesha kuliko ukosefu wa fedha.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Mgeta, magharibi ya milima ya Uluguru. Nalima kabichi, karoti na maharage. Si mhandisi wala bwana shamba. Jumuiya nyingine zimekuwa zikinipigia kuuliza tulianzaje na tulikwama wapi, na kila nikikata simu naona nimeacha nusu ya maneno. Nimeona niyaandike, pamoja na gharama zake.

Kwanza mjue tulikuwa tunapambana na nini. Kiwanda kikichafua mto, kuna bomba la majitaka. Mkaguzi anasimama pale, anachukua sampuli, anaandika jina la mwenye bomba. Mashambani hakuna bomba. Mvua inanyesha juu ya mashamba chungu nzima, kila shamba linatoa tope kidogo, mbolea kidogo, mabaki kidogo ya dawa, samadi iliyorundikwa nje ya banda la mbuzi, majivu ya palipochomwa, na vyote vinakutana kijitoni. Ukimchukua mkulima mmoja mmoja, hana kosa la kumfikisha popote. Ukiwajumlisha, dakio letu la maji, pale bomba letu linapoyachukua kijitoni, linajaa mchanga, na bomba la kitongojini linatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kina mama wanayaacha kwenye ndoo yatulie usiku kucha, wenye nacho wanatia shabu, asubuhi wanamimina ya juu na kumwaga tope.

Wala hayaishii kwetu. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa kusafisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na maji yakija na tope jingi, dawa za kuyasafisha nazo zinaongezeka. Sasa linajengwa bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, kwenye mto huohuo wa Ruvu. Udongo usiposhikwa huku milimani, mabwawa ya huko chini ndiyo yatakayoupokea.

Haya niliyasema mkutanoni kwa bashasha. Mama mmoja akainua mkono akauliza: "Na hao wa Dar wanatulipa nini?" Swali lake lilikuwa na haki. Upande wa pili wa milima, huko Kibungo Juu, kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walichangia fedha, na wakulima waliotengeneza matuta na kupanda miti wakalipwa. Kwetu haukufika. Kwa hiyo nakushauri usianze na habari ya mji mkubwa. Anza na dakio lenu, bomba lenu, watoto wenu wanaoharisha masika. Mtu hawezi kubeba jembe kwa ajili ya bwawa ambalo hajawahi kuliona.

Hatua ya kwanza ya kamati ilikuwa vigingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, basi tukachukua futi kamba tukaenda kupima. Aliyewahi kufika Mgeta anajua tulichokikuta. Mabonde yetu ni membamba. Mita 60 huku na mita 60 kule ndiyo bonde lenyewe lote, na bondeni ndiko kuliko na bustani za kumwagilia zinazolipa ada za shule wakati wa kiangazi. Vigingi tulivyopigilia mchana viling'olewa usiku, vingine tukavikuta mafigani vimeshaungua nusu. Zikaja faini. Waliolipa walikuwa wajane na wageni, watu wasio na ndugu kwenye halmashauri ya kijiji. Shangazi yangu ambaye bustani yake iko hatua chache tu kutoka kijitoni aliacha kuitikia shikamoo yangu, na mtu akishaacha kuitikia shikamoo huwezi kumwomba apande majani ya kukinga maji.

Sisemi sheria ipuuzwe. Penye chemchemi na eneo lote lililo juu ya dakio tuliisimamia bila kupunguza hata hatua, na hapo watu walikubali upesi kwa sababu kila mmoja anakunywa. Kwingineko tunasogea polepole: mwaka huu majani ya kudumu kwenye ukingo, mwaka ujao mistari ya mboga inarudi nyuma. Sitawadanganya kwamba bonde zima linafuata sheria leo. Ila tulijifunza kwamba ukianza na faini, unatumia imani yote uliyonayo kwa watu kabla hujajua hata tope linatoka wapi.

Hatua ya pili ilikuwa matuta ya ngazi, nayo ikagonga ukuta wa zamani zaidi. Milima hii ina kumbukumbu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi. Watu walichoka, mwaka 1955 wakaandamana, na mpango ukafa. Nilikwenda kwa mjomba wangu kumwomba ardhi ya kuonyeshea mfano. Kwetu ardhi ni ya ukoo upande wa mama, na neno la mjomba ndilo neno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia mmetuletea tena matuta ya Bwana DC."

Alimaanisha mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni. Hakubishana nami. Alichukua jembe, akachimba kwenye mteremko pale nyuma ya nyumba, wima, kama anayetafuta maji. Juu palikuwa na udongo mweusi wenye mizizi na minyoo, kina chake hakizidi kiganja changu. Chini yake udongo mwekundu unaoelekea manjano, mgumu, hauna hata mzizi. Akaushika ule mwekundu akautia mkononi mwangu. "Huu ndio walioufanya uwe juu, wakatuambia tupande mahindi. Unadhani tulikuwa wajinga?"

Hawakuwa wajinga. Ukichonga ngazi kwa pupa, udongo wenye rutuba unafukiwa na ule usio na kitu unakuwa juu, na mavuno yanaanguka msimu wa kwanza na wa pili. Kwenye miteremko mikali ngazi inaweza pia kushika maji mengi kupita kiasi, kisha kipande kizima kikamomonyoka na kushuka. Mjomba alitupa kipande cha mfano, kwa sharti kwamba udongo mweusi ukwanguliwe kwanza na kuwekwa kando, ngazi ichongwe, halafu udongo mweusi urudishwe juu na kutiwa samadi. Kazi hiyo inakaribia kuwa mara mbili. Lakini ndiyo njia pekee niliyoiona ambayo mkulima hakuiacha msimu uliofuata. Penye mteremko wa wastani tuliacha kabisa ngazi za kuchonga, tukaenda na fanya juu: unachimba mtaro kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta, na miaka inapopita shamba linajisawazisha lenyewe kidogo kidogo.

Hata hivyo tope la bomba halikupungua. Tulikuwa na matuta mazuri ya kupigia picha, na maji yaleyale.

Aliyetufumbua macho ni kijana fundi aliyekuja kukagua dakio. Alitusikiliza tulivyolaumiana, akauliza swali moja: mvua kubwa ikinyesha, huwa mko wapi? Tulikuwa ndani, bila shaka, tunaota moto. Kumbe vikao vyote, upimaji wote na matembezi yote ya kamati tuliyafanya jua likiwaka, wakati kijito kinapita kimya na kila shamba linaonekana halina hatia. Tope la mwaka mzima linashuka kwa saa chache za mvua chache, hasa zile za kwanza za vuli zinazokuta ardhi imelimwa, iko wazi, haina hata jani. Ukizikosa saa hizo, hujaona kitu.

Alitufundisha kazi ya chupa, na kama kuna jambo moja mtakalolichukua hapa, chukueni hili, kwa kuwa karibu halina gharama. Kusanyeni chupa za maji za plastiki angavu, zote za lita moja, za umbo moja. Kila mahali vijito viwili vinapokutana, pangeni mtu anayeishi karibu. Mvua ikikolea, kila mmoja anachota mahali pake kwa wakati mmoja, mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka, bila kugusa chini, kisha anaandika jina la mahali kwa kalamu ya wino mzito. Kesho yake chupa zote zinapangwa dirishani kwenye ofisi ya kijiji, zisitikiswe. Zikishatulia, unapima kwa rula unene wa tope lililokaa chini. Mvua kubwa ya radi msimwachie mtoto kazi hii, na kijito kikishaanza kunguruma mtu asiingie. Milima yetu inaporomoka, na hakuna sampuli inayostahili roho ya mtu.

Msimu wa kwanza wa chupa uliwanyamazisha wengi. Chupa ya kijito kinachotoka moja kwa moja kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, msitu uliolindwa kwa hadhi hiyo tangu 2008, ilikuwa na rangi kidogo ya majani yaliyooza na uzi mwembamba tu wa tope, japokuwa mvua ilikuwa ileile. Hilo tulilitarajia. Ambalo hatukulitarajia ni kwamba kijito kinachopita kwenye mashamba ya waliokodi ardhi kulima karoti, wale tuliokuwa tukiwatukana kila kikao, kilikuwa na tope la wastani. Chupa mbaya kuliko zote ilitoka kwenye kijito kidogo ambacho hata jina hakina, na hakuna aliyewahi kukitaja.

Tulikipanda kijito kile mvua ikinyesha, tumevaa mifuko ya plastiki kichwani. Kiangazi ni kikavu kabisa. Mvua ikinyesha, kinapokea maji ya njia ya miguu inayoshuka kutoka sokoni, njia iliyonyooka kama kamba kwa sababu mwenye mzigo wa kabichi kichwani hataki kuzunguka. Njia ile imeshakuwa mfereji unaomfika mtu magotini. Juu yake inapokea mtaro wa barabara, na huo mtaro nao unapokea maji ya mashamba yote ya juu, hata yale yenye matuta mazuri. Matuta yetu yalikuwa yanayamwaga maji yake njiani, na njia inayapeleka dakioni bila kusimama. Mashamba yalikuwa yamefanya kosa dogo; njia ndiyo iliyokuwa inalikuza.

Kuanzia hapo tukageuza kazi. Tuliacha kuuliza hili ni shamba la nani, tukawa tunauliza maji ya hapa yanapita wapi kufika kijitoni. Njia ya sokoni tuliikata vizuizi vya mshazari, mawe yaliyofukiwa nusu, kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yatoke njiani yaingie kwenye majani kabla hayajapata kasi. Sehemu zenye mteremko mkali tuliweka ngazi za mawe. Mitaro ya barabara tuliitolea michepuko inayomwaga maji kwenye vichaka badala ya kijitoni. Kazi yote ilikuwa msaragambo, yaani nguvu za wanakijiji wenyewe kwa pamoja, na nyundo za kuazima.

Mchepuko mmoja ulitutia hasarani. Uliyaelekeza maji kwenye pori ambalo tulidhani halina mtu, kumbe chini yake kuna shamba la karoti la baba mmoja mpole. Mvua moja tu ikakata korongo katikati ya karoti zake. Hakupiga kelele, alikuja ofisini na karoti zilizong'oka kwenye kiroba, akazimwaga mezani. Tulichanga tukamlipa. Kabla hujachepusha maji, tembea mpaka yanapoishia, na uwe na mwenye shamba hilo siku mnayochimba.

Kuhusu makinga maji ya mashambani, kipimo ni kila kitu. Mtaro wa kontua ukienda mshazari hata kidogo, unayakusanya maji ya shamba zima na kuyavunjia mahali pamoja, na hapo umejitengenezea korongo kwa mikono yako. Hatukuwa na vyombo vya kupimia. Tulitumia miti mitatu iliyofungwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka juu. Kuipata alama ya usawa: simamisha miguu miwili juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapokata mti wa katikati, kisha geuza, mguu wa kulia uende kwenye kigingi cha kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Wengi hurukia kazi bila kugeuza, na mti mmoja ukiwa mfupi kidogo shamba zima linapotoka.

Juu ya matuta tulipanda majani ya tembo na gwatemala. Hapa Mgeta wengi wanafuga mbuzi wa maziwa, na walioyapokea majani haya kwa furaha ni hao wenye mbuzi, kwa kuwa wanakata na kulisha. Asiye na mbuzi anaona yanamlia nafasi ya viazi. Sikuwahi kumshinda kwa hoja mkulima wa namna hiyo. Kilichofanya kazi ni kumkutanisha na jirani mwenye mbuzi: mmoja akate majani, mwingine apokee samadi.

Dawa na mbolea ni habari nyingine, na chupa haziwezi kuionyesha. Nilisikitika kusikia watu wanasema maji yakishakuwa meupe ni salama. Tope linabeba mbolea za fosfeti zilizoshikana na udongo, kwa hiyo ukilizuia tope umeizuia sehemu kubwa ya hizo. Lakini naitrojeni ya urea inayeyuka na kupita na maji meupe kabisa, na vijidudu vya kinyesi havihitaji tope ili visafiri. Chemsheni maji hata yaking'aa.

Kwenye dawa, balaa kubwa kwetu lilikuwa kijitoni penyewe. Mkulima anachanganyia dawa kijitoni kwa sababu maji yako pale, na akimaliza anasuuza solo, bomba lake la mgongoni la kunyunyizia, palepale, vifuko anavitupa palepale. Kumkataza bila kumpa maji kwingine ni kupoteza muda. Tuliweka mapipa ya maji kwenye kingo za juu za mashamba, mbali na kijito, watoto wa kila kaya wakapewa zamu ya kujaza. Solo inasuuzwa mara tatu, na maji ya kusuuzia yananyunyiziwa kwenye zao lilelile hadi yaishe, hayamwagwi. Chupa za dawa zinatobolewa ili asiwepo wa kuzitia mafuta ya taa au uji. Mapipa mawili yaliibiwa. Tuliyonunua baadaye tuliyatoboa juu kabisa kwa msumari ili yasifae kwa biashara ya pombe, na hayajaguswa.

Mbolea tulikubaliana itiwe kwenye shimo na kufukiwa, isimwagwe juu, na ya kukuzia igawanywe mara mbili badala ya kuitia yote siku moja. Mawingu yakikusanyika upande wa Mindu, mfuko unabaki ndani. Hili halikuhitaji mkutano wowote. Mtu akishaona fedha yake imeoshwa na mvua moja, anaelewa.

Nije kwenye miti, maana hapo ndipo nilipokuwa na imani potofu kuliko kwingine, kama watu wengi walivyo nayo: kwamba palipo na miti maji ni safi. Msitu wa asili, ndiyo. Shamba la mikaratusi lililovunwa vibaya, hapana. Chini ya mikaratusi yetu mingi ardhi iko tupu, na siku ya kuvuna, wavunaji wanayaburuta magogo moja kwa moja kuteremka hadi barabarani, tena mara nyingine wanavuka kijito nayo. Kila njia ya gogo inakuwa mfereji. Chupa iliyochotwa chini ya shamba la namna hiyo, masika, ilikaribia ile ya njia ya sokoni. Tulichoomba kwa wenye mashamba ya miti si kikubwa: msivune masika; buruteni magogo kwa kukata mteremko, msiyashushe wima; matawi na maganda yatandazwe kwenye njia ya magogo badala ya kuchomwa; mkimaliza, njia ikatwe vizuizi kama vile vya njia ya sokoni; na kijito kivukwe juu ya magogo ya daraja, si ndani ya maji. Wavunaji wanalipwa kwa gogo, kwa hiyo kila sharti hapa linawapunguzia kipato cha siku. Lazima mwenye miti akubali kuongeza malipo, la sivyo makubaliano yanaishia kwenye karatasi.

Ardhi ya kukodi nayo ilitutesa. Aliyekodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kuchimba tuta litakalomnufaisha mwingine. Akipanda miti, wenye ukoo wanadhani anajimilikisha, wanamfukuza. Mjomba wangu, yuleyule wa Bwana DC, ndiye aliyependekeza maandishi: aliyekodi akitengeneza makinga maji, ukoo unamhakikishia misimu kadhaa kwa kodi isiyopanda, na majani anayopanda si dai la ardhi. Maandishi yanasainiwa mbele ya mtendaji. Nimeona karatasi hizo zikitunzwa vizuri kuliko vyeti vya kuzaliwa.

Kuhusu fedha niwe mkweli. Matuta ya ngazi kwa utaratibu wa mjomba yanahitaji vibarua, na kibarua wa kuchimba mtelemkoni hapatikani kwa bei ya palizi. Mimi mwenyewe niliuza mbuzi jike na mahindi yaliyokuwa ghalani ili nimalize kipande changu, na msimu wa kwanza karoti zilikuwa nyembamba, mume wangu akanitazama bila kusema neno. Msimu wa tatu zilirudi, na udongo haujashuka. Mwenye kaya isiyo na akiba asichonge shamba lote. Achonge mstari mmoja, wa juu kabisa, ambao ndio unaoyapokea maji kabla hayajapata nguvu, aendelee mwaka hadi mwaka. Na kamati iandae fedha ya chakula cha siku za msaragambo, kwani watu wanakuja kwa uji, na uji ukikosekana hawaji tena.

Dakio bado tunalizibua, ila si kila mvua kama zamani. Bomba hutoa maji ya tope siku za mvua kubwa sana, kisha husafika siku hiyohiyo. Shangazi ameanza kuitikia salamu, na majani ya tembo ameyapanda ukingoni, japo mistari miwili ya kabichi bado iko mahali ambapo haipaswi kuwa, na sote tunajua.

Kwa sasa lililo mezani ni shamba kubwa la mikaratusi lililo juu ya kijito cha pili. Mwenyewe anaishi mjini na alipanga kuvuna Aprili. Tumemwomba asubiri hadi Julai, amekubali. Fedha ya nyongeza kwa wavunaji hajakubali kuitoa. Anasema jumuiya ilipe nusu. Wajumbe wengine wako tayari, wengine wanasema tukilipa mara moja kila mwenye miti ataidai. Kikao ni baada ya mavuno ya viazi.